BARUA YA WAZI: Kilo sita za maharage zinaingia shuleni, kwenye sahani ya mtoto zinafika punje 23

KWA: Ndugu Afisa Elimu Msingi wa Halmashauri yetu, Arusha
NAKALA: Afisa Lishe, Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, na wazazi wenzangu

YAH: CHAKULA CHA MCHANA CHA WATOTO WETU

Ndugu Afisa Elimu,

Shikamoo. Umri wako siujui ila ofisi yako naiheshimu, na shikamoo haimpunguzii mtu kitu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja yuko darasa la 3 mwingine la 6, wote shule moja ya serikali hapa Arusha. Shule siitaji jina maana nikiitaja watakaoisoma namba ni wanangu, ila wewe unaijua, barua zangu mbili ziko ofisini kwako, ile ya mwezi wa tatu ina muhuri wa masjala kabisa na kopi ninayo. Kazi yangu ni kuuza nafaka soko la Kilombero, mwaka wa 11 sasa. Hilo nimelisema sio kwa kujisifu, utaona huko mbele kwanini.

Kuna watu wataniambia mama fulani mbona unaanika mambo ya shule hadharani, si ungefuata utaratibu. Nilifuata. Nilianza na mwalimu wa darasa akasema nenda kwa mwalimu mkuu, mwalimu mkuu akasema hayo ni ya kamati, mwenyekiti wa kamati akasema subiri kikao cha wazazi, kikao kikafika chakula kikawekwa kwenye "mengineyo" saa nane mchana jua linachoma watu wameshaanza kukung'uta sketi waondoke, nikapewa dakika mbili, kuna baba mmoja nyuma akasema mama kaa chini tunawahi daladala. Nikaandika kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, jioni ileile nikatolewa, admin ni nani sisemi. Nikaja ofisini kwako mara ya kwanza nikaambiwa uko semina, mara ya pili uko ziara. Kwahiyo mimi ngazi sijaruka hata moja, nimezipanda zote, ya juu kabisa ndo sikukuta mtu.

Sasa tuelewane kwanza tulikubaliana nini. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 ada imefutwa, tunashukuru na hatusemi kwa kinafiki, ila chakula cha mchana kwa shule za kutwa kilibaki mzigo wetu wazazi. Sawa, hatukugoma. Shuleni kwetu tulipiga kura ya kunyoosha mikono, kila mtoto kwa muhula mmoja alete debe moja la mahindi, kilo 6 za maharage, na shilingi 12,000 ya kuni, chumvi, mafuta na posho ya wapishi. Mimi nina wawili kwahiyo nazidisha mara mbili. Stakabadhi zote ziko ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati, hakuna muhula nimekosa, hata ule muhula mume wangu alilazwa.

Yanayotuumiza ni haya.

1. MAHARAGE HAYAFIKI KWENYE SAHANI

Mwezi wa nne, siku ya Jumatano, binti yangu wa la tatu alikuwa na jino linalegea, akashindwa kutafuna, makande yake akayarudisha nyumbani kwenye kontena lake. Mimi nilikuwa nimetoka sokoni nimechoka, nikafungua nikidhani ni maji ya kunawia. Ni mahindi yanaelea kwenye maji meupe. Sijui nini kilinituma, nikachukua sinia, nikayamwaga, nikaanza kutenga maharage pembeni punje moja moja kama ninavyochambua mzigo wa mteja. Yalikuwa 23. Mahindi sikuhesabu.

Binti yangu kanisimamia pale anaangalia, akaniambia, "Mama, leo nilipata mengi, nilipanga mstari wa mwisho."

Nikamuuliza mstari wa mwisho una nini. Akanieleza kama mtu anayemweleza mjinga, kwamba maharage yanazama chini, kwahiyo wa mwisho mwisho ndo wanapata, lakini ukizubaa ukawa wa mwisho kabisa unakuta chakula kimeisha, kwahiyo unatakiwa kuwa karibu na mwisho ila sio mwisho. Mtoto wa miaka 9. Hesabu za darasani anapata 40 kwa 100 ila hii ya sufuria ameielewa.

Kesho yake nikafanya hesabu zangu na mimi. Mwaka wa masomo una siku 194, muhula mmoja weka 97. Kilo 6 ukigawa kwa siku 97 ni gramu 62 kwa siku kwa kila mtoto. Nikapima gramu 62 za soya njano, yale maharage ya njano, kwenye mzani wangu wa dukani, ule uliohakikiwa na watu wa vipimo, nikahesabu punje 141. Nikasema labda naionea shule, nikachukua rosekoko ambayo punje yake ni kubwa, ikaja 124. Haya tuchukue hiyo ya nafuu, 124 toa 23. Punje 101 za mwanangu wa siku ile sijui ziko wapi.

Utaniambia sahani moja sio ushahidi. Na mimi nikajiambia hivyohivyo. Nikawaomba kina mama watano tunaoishi mtaa mmoja kila mmoja amwambie mwanae siku moja arudishe chakula chake, tukahesabu jioni wote kwangu. Majibu ni 19, 31, 27, 16 na 40. Huyu wa 40 mama yake ni shoga yake mpishi, tulicheka, ila hata yeye hajafika hata nusu.

Sasa punje 101 za rosekoko ni kama gramu 50. Chukua watoto 500 tu ambao wazazi wao walitoa, ni kilo 25 kwa siku, kwa muhula mzima ni magunia 24 ya kilo mia mia. Mimi nauza maharage, najua magunia 24 yanavyokaa stoo, hayawezi kupotea chini ya meza.

Simsingizii mtu wizi. Ila nikuambie kitu kimoja ambacho labda ofisini hamkijui. Mwezi wa tano jamaa mmoja alikuja sokoni asubuhi na mapema anauza nusu gunia la maharage, bei ya chini mno. Nikaingiza mkono. Ndani mna soya njano, mna rosekoko, mna maharage mekundu, mna ngwara, mna meupe, mapya na ya mwaka jana yaliyobunguliwa, yote humohumo. Kwa wakulima wetu wa huku sijawahi kuona mtu anavuna hivyo. Mchanganyiko wa aina ile unatokea pale watu wengi kila mmoja ameleta kilo zake sita za aina aliyonayo nyumbani zikamwagwa sehemu moja. Sikununua. Yametoka wapi sikuuliza na yeye hakusema, na gunia haliongei.

2. MAHINDI YANALALA KWENYE SEMENTI

Ghala letu ni darasa bovu lililoachwa. Nimeingia humo mwenyewe mwezi wa nne siku napeleka debe langu la pili, mvua za masika zinapiga, bati linavuja kona moja, magunia yamelazwa chini kwenye sementi, hakuna chaga za mbao za kuyainua, yamebanana na ukuta ambao una ukungu. Nikapitisha mkono katikati ya gunia la pili kutoka ukutani. Ni la moto. Mtu wa nafaka akigusa gunia la moto hahitaji kuambiwa, hiyo nafaka inapumua, ina maji, inaharibika.

Nikaomba mahindi kiganja kimoja nikaondoka nayo. Nyumbani nikafanya ile njia ya chumvi: unachukua chupa kavu ya glasi, chumvi kavu kiasi, mahindi juu yake, unafunga unatikisa vizuri halafu unaacha kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa ujue mahindi yana unyevu. Iliganda mpaka chupa ikawa kama ina ukoko. Kiwango cha kuhifadhi mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na chumvi kuganda vile maana yake ni kwamba mmeshapita.

Na hapa ndo naomba unisikilize kuliko pengine pote, kwasababu maharage yakipungua mtoto anabaki na njaa, ila hii inaua. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu wa kwenye nafaka, haina harufu ya kukutisha, haionekani sahani ikiwa mezani, na HAIISHI KWA KUPIKA, hata uchemshe kutwa nzima. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, na Manyara ni hapo tu jirani, mahindi mengi tunayouza Kilombero yanatoka Kiteto na Babati. Sokoni mahindi yenye kuvu mnunuzi anakurudishia na matusi juu. Shuleni hakuna wa kurudisha, mtoto wa darasa la kwanza atajuaje. Halafu sio lazima ufe siku hiyohiyo, sumu kidogo kidogo ya kila siku inalichakaza ini miaka na miaka.

Kuchambua mahindi kabla ya kupika, kutoa yaliyovunjika, yaliyobadilika rangi na yenye kuvu, kunapunguza sumu kwa kiasi kikubwa, na ni kazi ya ungo na macho. Nikamuuliza mpishi mnachambua? Akaniangalia akacheka kwa uchovu. Wako wawili, wanapikia watoto kama 600 hadi 700, saa ngapi wachambue.

3. MAGADI

Wapishi wanaweka magadi kwenye makande. Siwalaumu, hata bibi yangu aliweka, maharage yanaiva haraka na kuni zinabaki. Lakini sisi watu wa Arusha tuna kesi yetu maalum na maafisa mnaijua kuliko mimi. Maji ya huku chini ya Mlima Meru yana floraidi nyingi, Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita na kuna sehemu za Arumeru zinapita hapo mbali sana, ndo maana pale Ngurdoto serikali ina kituo kizima cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji kwa mkaa wa mifupa. Sasa magadi yetu haya ya kuokota nayo yamejaa floraidi. Maji yana yake, sufuria inaongezewa nyingine, anakula mtoto.

Meno ya ukubwani yanajengwa yakiwa bado ndani ya fizi mpaka mtoto afike kama miaka 8. Ina maana awali, la kwanza na la pili, walewale wanaolishwa kwanza, ndo meno yao yanapikwa humo. Yakishatoka ya kahawia hakuna mswaki utakaoyarudisha. Mimi mwenyewe nina meno hayo, picha ya harusi yangu nimefunga mdomo. Wanangu sitaki.

Na magadi hayo hayahitajiki. Ukiloweka maharage na mahindi usiku, asubuhi ukamwaga yale maji ukaweka mapya, yanaiva kwa muda mfupi zaidi na tumbo haligombi. Kuloweka ni maji na ndoo. Shida inayotajwa ni kwamba stoo ina kufuli na ufunguo anakaa nao mwalimu mmoja, anafungua saa mbili asubuhi, kwahiyo usiku haiwezekani kutoa maharage. Jamani. Afungue jioni kabla hajaondoka! Ndugu Afisa Elimu, nimezunguka ofisi nne kwa ajili ya jambo ambalo dawa yake ni mtu kugeuza ufunguo saa kumi badala ya saa mbili.

Ikitokea wamekosa magadi na kuni ni mbichi basi maharage yanatoka hayajaiva, yanagonga meno. Maharage hasa yale mekundu yasipochemka sawasawa yana sumu yake, mtoto anatapika na kuharisha, halafu nyumbani tunamnunulia dawa za minyoo. Najua serikali ilishakataza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kutumia kuni na mkaa, na shule yetu "inasubiri gesi". Tusubiri wote, lakini wakati tunasubiri tuloweke.

4. MBOGA NA MAFUTA

Hamna. Nimemaliza namba 4.

Hapana, ngoja niseme kidogo maana inauma. Tuko Arusha. Kilombero jioni tunakanyaga majani ya kabichi, karoti zilizovunjika zinapewa mbuzi, parachichi zilizoanguka zinaozea kwenye mitaro, na watoto wetu wanakula mahindi na maji Jumatatu mpaka Ijumaa mwaka mzima. Mafuta yapo kwenye ile 12,000 tuliyotoa, kwenye sufuria sijawahi kuyaona yanang'aa hata tone. Vitamini A bila mafuta mwili hauichukui vizuri, na madini chuma ya maharage yanaingia vizuri zaidi mwilini ukila na kitu chenye vitamini C, nyanya, mchicha, hata kipande cha chungwa. Hatuombi nyama. Hatuombi hata ule uji wa lishe wa kuchanganya nafaka kumi na karanga na soya, tena huo mimi mwenyewe nauogopa, karanga ikisagwa ikakaa inachacha na sumukuvu inaipenda sana. Tunaomba fungu la mchicha ndani ya makande.

5. WATOTO WA UZIONI

Hili sio la wanangu maana wao wanakula, ila nimeshindwa kulinyamazia. Wale ambao wazazi wao hawajatoa, saa saba wenzao wakipanga mstari wao wanaambiwa wasogee uzioni. Hawaruhusiwi kurudi nyumbani kwasababu geti limefungwa, hawaruhusiwi kukaa darasani kwasababu darasa linafagiliwa. Wanasimama uzioni wanaangalia. Mwanangu wa la sita kuna rafiki yake anakaa naye dawati moja, baba yake hayupo na mama anafua nguo za watu, huyo mtoto mwanangu anamtunzia nusu ya makande yake kwenye mfuniko wa kontena. Nusu ya punje 23.

Alama anazopata huyo mtoto kipindi cha mchana mwalimu anaziandika kama uzembe.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Hao ndo wanaoandikishwa darasa la awali miaka inayofuata, wanakuja shuleni tayari mwili unadai, halafu tunawasimamisha uzioni.

6. Maji ya kunawa ni ndoo moja kwa shule nzima, sabuni hakuna. Hili mnalijua, lilisemwa hata wakati wa korona, ndoo zilikuwa nyingi kipindi kile sijui zilikwenda wapi.

Ndugu Afisa Elimu, najua nitajibiwa nini kwasababu nimeshajibiwa yote. Nilijibiwa kwamba maharage ni machache kwasababu wazazi wengi hawatoi, kwahiyo cha wachache kinaliwa na wote. Halafu mwezi huohuo nikajibiwa kwamba watoto wa uzioni hawali kwasababu wazazi wao hawakutoa. Jamani chagueni moja. Kama wasiotoa hawali, basi walio kwenye mstari ni waliotoa na kila mmoja ana gramu zake 62. Kama wote wanakula, uzioni pale wamesimama kina nani?

Nilijibiwa bei zimepanda. Bei zimepanda kweli, mimi ndo niliyezipandisha siku nyingine, lakini sisi hatukutoa hela ya kununua maharage, tulitoa maharage. Kilo sita inabaki kilo sita hata bei ikifika mbinguni.

Nilijibiwa walimu nao wanakula humohumo. Wale, wanafundisha wanangu, siwanyimi chakula. Ila waandikwe, tujue sahani ngapi, na ikibidi tuongeze debe kwa ajili yao kwa heshima kuliko kuchota kimya kimya kwa mtoto.

Nilijibiwa pia kwamba mimi natumika, nataka udiwani. Mimi udiwani nitaufanya saa ngapi, saa 10 alfajiri naamka kupokea mzigo.

Mwongozo wa kitaifa wa huduma ya chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimumsingi upo, mmeutoa wenyewe serikali, na wakuu wa mikoa wanasaini mikataba ya lishe tunawaona kwenye taarifa ya habari. Kwahiyo haya sijayabuni. Tunachoomba ni kwamba daftari liwekwe mlangoni mwa stoo, kila asubuhi kinachotoka kipimwe kwenye mzani kiandikwe, na wazazi wawili kwa zamu wasaini, zamu tutapanga wenyewe hatudai posho. Jumla ya mahindi na maharage yaliyoingia muhula huu ibandikwe ukutani pale wanapobandika matokeo ya mtihani, iandikwe kubwa. Mahindi yaliyopo sasa hivi yasipikwe mpaka sampuli ipelekwe TBS, shirika la viwango, na majibu tuyaone kwa macho, na kama yana sumukuvu yateketezwe mbele yetu, yasije yakajikuta sokoni kwangu wiki ijayo. Maharage yalowekwe, magadi yakome. Na mtoto yeyote asisimamishwe uzioni, deni ni la mzazi mdaini mzazi, sisi tuliotoa tumeshaongea wengi wetu tuko tayari wale wote hata kama sahani itapungua, ila ipungue kwa sababu tunayoijua.

Pia Afisa Lishe aje. Asipige simu kwanza. Siku alipopiga simu kwanza mwaka jana watoto walikula wali na nyama, binti yangu alirudi anauliza mama leo ni sikukuu gani. Aje siku ya kawaida saa saba, apange mstari, apokee sahani yake kama mtoto.

Sisi nasi hatujakaa tu. Wanawake kumi na mbili wa Kilombero tumeshachanga mbao za chaga, fundi amepima lile darasa, misumari tumenunua, tunasubiri kuruhusiwa kuingia getini tu. Wenye meza za mboga wamekubali kila Jumatatu na Alhamisi kutoa karoti na mchicha, wa kuja kuchukua na kirikuu au hata guta aseme tu saa ngapi. Hili nalo niliandika kwenye barua ya pili, ile ambayo haina muhuri kwasababu aliyekuwa masjala alisema wino umekwisha.

Barua ya kwanza ina miezi mitano. Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 14, na nakala ibandikwe shuleni. Zikipita, tutakuja wazazi ofisini kwako kwa utulivu, kila mtu ameshika kontena la mwanae lenye chakula cha siku hiyo, tutayapanga mezani tuhesabu pamoja na wewe.

Ukipenda kuanza kabla ya hapo mimi napatikana Kilombero kila siku kuanzia saa 11 alfajiri mpaka saa 10 jioni, upande wa nafaka, ulizia mama soya njano. Mzani nakuazima bure.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama wa watoto wawili, darasa la 3 na la 6
Arusha